Guido Deiro na Kodiani Yake: Ndugu Wawili, Jina Moja

Mwezi wa Julai 1950 uliwachukua watu wawili wa muziki ambao hawakupata kujuana. Tarehe 8 alifariki Unguja Siti binti Saad, ambaye msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa ni nani. Siku kumi na nane baadaye, tarehe 26, akafariki Loma Linda, California, mpiga kodiani wa Kitaliana aitwaye Guido Deiro. Mmoja alikuwa ametoka shamba, Fumba, akaingia mjini. Mwengine alitoka kijiji cha milimani kaskazini ya Italia akavuka bahari. Wote wawili sauti zao zilikamatwa kwenye sahani za santuri na makampuni makubwa, na mwaka 1928 ukawa mwaka wa kukumbukwa kwa kila mmoja wao: Siti alipanda meli kwenda Bombay kurekodiwa na His Master's Voice, na Deiro alisimama mbele ya kamera ya Vitaphone na kodiani kifuani, akapigwa filamu ya picha na sauti.

Baada ya hapo njia zao zinaachana. Siti alimpata Shaaban Robert, aliyekaa naye, akamuuliza habari zake, akaziandika wasifu. Deiro hakumpata mtu kama huyo. Alichokuwa nacho ni ndugu yake wa damu, mpiga kodiani vilevile, hodari wa kalamu na mwenye mtambo wa kuchapisha, na kwa muda wa zaidi ya nusu karne taarikhi ya chombo kile Marekani ilisomwa kama alivyoiandika huyo ndugu. Tumeona kisa hiki kinawahusu wasomaji wetu, ijapokuwa hakuna Mswahili wala Mmanga ndani yake, kwa sababu kinaonyesha waziwazi jinsi mhamiaji anavyoweza kufanya kazi kubwa mbele ya maelfu ya watu na bado ikaandikwa kuwa imefanywa na mwengine.

Kwanza chombo chenyewe. Kodiani wazee wetu waliizoea katika taarabu, imeketi baina ya fidla na kanuni, ikijaza pale nyuzi zinapopungukiwa na nguvu. Hati ya kuisajili iliandikwa Vienna mwaka 1829 kwa jina la Cyrill Demian, fundi wa ala za muziki. Ndani yake mna ndimi nyembamba za chuma, na mvukuto ukivutwa na kusukumwa hewa hupita juu ya ndimi hizo zikatoa sauti. Mkono wa kushoto hubonyeza vifungo vya besi. Wa kulia hubonyeza vifungo vya ghani, au, katika aina iliyokuja baadaye, vibao vyeusi na vyeupe kama vya piano. Tofauti hii ya vifungo na vibao itaonekana kuwa ndogo, lakini ndiyo iliyozaa ugomvi tutakaousimulia. Katika karne ya kumi na tisa Wataliana waliichukua kazi hii ya Vienna wakaifanya yao. Mji wa Castelfidardo, alikoanzia Paolo Soprani karakana yake katika miaka ya 1860, ukawa ndio soko la kodiani la ulimwengu. Kodiani ilikuwa rahisi kuliko piano, ilibebeka begani, haikuharibika upesi safarini, na mtu mmoja aliweza kuchezesha nayo harusi nzima. Kwa masikini anayehama nchi, ni kazi ya kulia chakula iliyofungwa ndani ya sanduku.

Guido Deiro alizaliwa tarehe 1 Septemba 1886 katika kijiji cha Salto Canavese, upande wa Turin. Mdogo wake Pietro alizaliwa mwezi wa Agosti 1888. Hawakuwa watu wa mjini wala wa vyuo vya muziki. Walikulia mahali ambapo kijana akishapata nguvu hutazama barabara inayotoka. Katika miaka ile Wataliana walikuwa wanahama kwa wingi ambao Ulaya haikuwahi kuuona kwa taifa moja: baina ya 1880 na 1920 zaidi ya milioni nne waliingia Marekani pekee. Guido kabla ya kuvuka bahari alipitia Metz, mji ambao siku zile ulikuwa chini ya Ujerumani na ambao machimbo yake ya chuma yaliwavuta Wataliana wengi. Huko alipiga muziki kwa ajili ya watu wa kwao, wachimbaji waliotaka jioni kusikia kitu cha nyumbani.

Pietro ndiye aliyetangulia Marekani. Alifikia Cle Elum, katika jimbo la Washington, pwani ya magharibi, mahali pa machimbo ya makaa ya mawe, na aliingia shimoni kama wengine. Hili tunalisema kwa heshima, kwani mtu aliyewahi kuchimba makaa na baadaye akaendesha nyumba ya kuchapisha muziki New York hakupewa chochote bure. Guido alimfuata mnamo mwaka 1908. Wote wawili wakapata kazi ya kupiga kodiani katika vilabu vya ulevi vya Seattle, mji uliojaa mabaharia, wakata magogo na watu waliorudi kutafuta dhahabu Alaska. Katika vilabu hivyo mpiga muziki hulipwa kwa sarafu zinazotupwa, na hushindana na kelele za wanywaji. Hakuna maikrofoni. Mtu wa udi angelikufa na njaa pale. Kodiani ilisikika mpaka barabarani.

Mwaka 1909 Seattle ilifanya maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyoitwa Alaska-Yukon-Pacific, kuanzia Juni hadi Oktoba, na Guido akapata nafasi ya kupiga humo. Kutoka kilabu cha ulevi hadi uwanja wa maonyesho ni hatua kubwa. Mwaka uliofuata, 1910, akapanda jukwaa la ukumbi wa San Francisco akiwa ametangazwa kama mpiga kodiani ya vibao vya piano, na hapo ndipo mambo yake yalipofunguka.

Hapa inafaa tueleze vodevili, maana wajukuu zetu hawakuiona na hata wazee wetu wengi hawakuifikia. Ilikuwa ni burudani ya majumba: kwa tiketi moja mtazamaji huona mchekeshaji, mwanasarakasi, mbwa waliofunzwa, mwimbaji, mwenye mazingaombwe, kila mmoja kwa dakika chache, kisha pazia. Majumba hayo yalifungamanishwa kwa minyororo ya makampuni, na msanii aliyekubaliwa na mnyororo mkubwa, kama ule wa Orpheum, alizungushwa mji baada ya mji, wiki baada ya wiki, kutoka pwani hadi pwani. Daraja zilikuwa mbali mbali. Majumba madogo yalilipa kidogo na kumchosha mtu kwa maonyesho mengi kwa siku. Yale makubwa yalikuwa ya wenye majina. Wapiga kodiani walikuwapo kabla ya Guido katika majumba ya namna hii. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwanzo kuingia majumba ya daraja ya juu na kodiani ya vibao vya piano, peke yake, kama nyota na si kama kitulizo baina ya mchekeshaji na mbwa.

Kwa nini vibao vya piano? Jibu la wanamuziki ni refu, lakini la wenye majumba lilikuwa jepesi. Mmarekani wa kawaida alikuwa na piano sebuleni, au aliitamani. Akiona vile vibao vyeusi na vyeupe vimesimama kifuani mwa mtu huelewa papo hapo anachotazama, na hustaajabu jinsi vidole vinavyokimbia. Vifungo vilimwambia kwamba huyu ni mgeni na chombo chake cha kigeni. Tunamjua mpiga mwengine wa zama zile, Pietro Frosini kutoka Sicily, ambaye wengi humhesabu kuwa fundi kuwashinda ndugu wa Deiro wote wawili. Yeye alikuwa bingwa wa kodiani ya vifungo. Basi ilimlazimu Frosini atengenezewe kodiani ya pekee: mbele inaonekana ina vibao vya piano, kumbe kwa hakika ni mpangilio wake uleule wa vifungo uliovishwa sura ya vibao. Alipiga hivyo mbele ya watu, nao wakaridhika. Kwa wale miongoni mwetu waliowahi kukata jina la ukoo wao ili lienee katika fomu ya kazi ya London au Toronto, kisa cha Frosini hakihitaji sherehe.

Turudi kwa Guido. Kampuni ya Columbia ilimrekodi kuanzia mwaka 1911, na sahani yake ya muziki wa gwaride uitwao Sharpshooters' March ikauzika sana. Katika maisha yake alirekodi zaidi ya nyimbo mia moja. Bahati yake moja ilikuwa ya kifundi. Mpaka mwaka 1925 kurekodi kulifanywa bila ya umeme: msanii alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyotikisa sindano ikachora nta. Fidla ilififia mbele ya pembe ile, piano ilisikika kama imefunikwa blanketi. Kodiani, kwa ukali wa ndimi zake, ilipita moja kwa moja. Hivyo chombo kilichodharauliwa na walimu wa muziki kikawa miongoni mwa vilivyofaa zaidi kwa mashine mpya, na sahani za Deiro zikaingia nyumba ambazo yeye mwenyewe pengine asingekaribishwa kwa mlango wa mbele.

Alipiga kila kitu: vipande vya opera za kwao, polka, walsi, nyimbo za mtaani za wakati ule. Na alitunga. Kuna Deiro Rag, ambamo kijana wa Piedmont amejifunza ragitaimu, muziki ulioanzishwa na Wamarekani weusi, na kuutia katika mvukuto wake. Kuna Kismet, jina ambalo kila msomaji wetu atalitambua: ni kismati yetu, kisima kile kimoja cha Kiarabu tulichochota sisi na Waturuki. Neno hilo lilikuwa limeingia katika majumba ya maonyesho ya London na New York kwa tamthilia ya Edward Knoblock ya mwaka 1911, yenye kisa cha Baghdad, na likawa la mtindo. Kuna pia Egypto Fantasia. Sisi tuliosoma Kiarabu tukiwa wadogo na kusikiliza redio ya Cairo tukiwa vijana hatuwezi kuusikiliza muziki huu bila ya kutabasamu. Misri iliyomo ndani yake ni Misri ya mapazia na taa za rangi. Kodiani ya Deiro haikuwa na robo sauti, na bila ya robo sauti hakuna bayati wala rasti. Ilibidi wapigaji wa Misri wenyewe, miongo kadhaa baadaye, wazikwangue na kuzirekebisha ndimi za kodiani ndipo chombo kile kikakubali kusema Kiarabu. Lakini hatumlaumu. Alikuwa anawauzia Wamarekani ndoto waliyokuwa tayari kuinunua, na muziki wenyewe, tukiiacha Misri yake, una uchangamfu wa mtu anayejua kazi yake.

Mara mkubwa alipofanikiwa, mdogo alifuata. Pietro aliacha Seattle naye akaingia vodevili na kodiani ya vibao, akarekodi kwa Victor, mshindani mkubwa wa Columbia. Ukawa mtihani. Watu wawili, jina moja la ukoo, chombo kimoja, mtindo mmoja, na matangazo ya barabarani yasiyotofautisha. Ilimalizika kwa kugawana jina kama watu wanavyogawana shamba la urithi: Guido atajitangaza kwa jina la Deiro, na Pietro atajitangaza kwa jina la Pietro. Mgao huu ulionekana wa haki wakati ule. Matokeo yake hakuna aliyeyatazamia, kwani jina la ukoo ni la wote na jina la mtu ni lake peke yake. Miaka ilipopita, aliyesema "Deiro" alikuwa na maana ya yule aliyebakia kusikika.

Kuhusu Mae West tutasema machache, ijapokuwa ndiyo habari inayopendwa zaidi na magazeti. Alikutana na Guido mwaka 1913, wakati yeye bado ni msichana wa vodevili na Guido ndiye mwenye jina kubwa, wakasafiri pamoja kwa miaka kadhaa. Familia ya Deiro inasema walioana mwaka 1914. Ndoa hiyo ilikuwa ya siri, kwani Mae West alikuwa ameshaolewa 1911 na mtu mwengine na hakuwa ameachwa. Wakafarikiana. Baadaye yeye akawa nyota wa sinema ajulikanaye dunia nzima, na alipoandika kitabu cha maisha yake mwaka 1959 Guido hakutajwa kwa jina; alifichwa nyuma ya herufi ya kwanza tu. Bibi huyo alikuwa na sababu zake na hatumhukumu. Tunachokihesabu ni kwamba hii ni mara ya pili kwa maisha ya Guido kuandikwa na mwengine, na kwa mara ya pili jina lake halimo.

Vodevili iliuawa na vitu viwili, redio na sinema yenye sauti. Filamu ya The Jazz Singer ilitoka 1927. Mwaka wa pili yake Vitaphone ikamwita Deiro. Kampuni hiyo ilikuwa inawapiga filamu fupi nyota wa majukwaa mmoja baada ya mmoja, na filamu yake ikapewa jina lisilo na haya la kumwita mpiga kodiani ya piano aliye bora kuliko wote ulimwenguni. Ni jambo la ajabu na la kusikitisha: msanii anaalikwa kupamba chombo kitakachofunga majumba yanayomlisha. Mmiliki wa sinema ndogo ya mkoani alikuwa sasa anaweza kukodi Deiro wa kivuli kwa bei ndogo na kuwaonyesha watu usiku kucha, bila ya nauli ya treni wala chumba cha hoteli. Ukaja mporomoko wa masoko ya fedha 1929. Mwaka 1932 ukumbi wa Palace wa New York, uliokuwa kilele cha vodevili yote, ukageuzwa wa sinema.

Guido alihamia katika ufundishaji, akafungua skuli za kodiani California. Alikuwa mtu wa jukwaa. Alivaa vizuri, alitumia sana, alipenda kuonekana, na mpaka miaka yake ya mwisho alipiga popote alipoitwa. Hesabu za ada za wanafunzi na kodi ya chumba hazikuwa fani yake. Jina lake lilififia polepole, mji mmoja mmoja, kama taa za mtaa zinavyozimwa alfajiri.

Pietro, kwa upande wake, alifahamu jambo ambalo mkubwa wake hakulifahamu au hakulijali, kwamba msanii hupita na karatasi hubakia. Aliweka makao Greenwich Avenue, New York, akafungua skuli na nyumba ya kuchapisha muziki. Alitoa vitabu vya kufundishia, mazoezi ya vidole, nota za nyimbo za daraja zote, tamasha refu za kodiani na okestra alizozitunga mwenyewe. Wapiga kodiani walipoanzisha jumuiya yao ya Marekani mwaka 1938, yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza. Magazeti ya fani yalimwita baba wa kodiani, naye hakulikataa jina hilo. Katika maandishi yake alijieleza kuwa ndiye aliyekuwa wa mwanzo kuipandisha kodiani ya vibao katika vodevili. Mtoto aliyeanza kujifunza kodiani Chicago au Cleveland katika miaka ya 1940, kipindi ambacho chombo kile kilipendwa kuliko wakati wowote, alifungua kitabu akaona jina la Pietro Deiro juu ya ukurasa. Akikua akawa mwalimu, akawafundisha wengine kwa kitabu kilekile. Dai likageuka kuwa ujuzi wa kawaida bila ya mtu yeyote kulithibitisha.

Tuwe waadilifu hapa. Sisi hatumwoni Pietro kuwa mwizi. Kazi aliyoijenga ni ya kweli. Bila ya vitabu vyake na jumuiya yake, kodiani Marekani ingelibaki kuwa kichekesho cha jukwaani na isingeingia katika vyuo. Pengine naye alichoka kuwa mdogo. Mtu aliyeishi miaka ishirini akiambiwa "wewe ni ndugu yake Deiro" anaweza kuamini, akiandika akiwa mtu mzima mwenye heshima zake, kwamba yeye ndiye aliyeanza. Kumbukumbu ya binaadamu humpendelea mwenyewe. Hata hivyo hisani ya mtu haigeuzi tarehe, na tarehe zilikuwa zimelala mahali pengine.

Zililala katika makasha. Guido alipofariki 1950 aliacha mtoto wa kiume aliyekuwa bado mdogo. Pietro alifariki New York 1954. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza: kodiani yenyewe iliangushwa na gitaa la umeme, na mtu aliyekuwa nayo aliificha juu ya kabati. Lakini mtoto wa Guido alikua na vitu vya baba yake. Palikuwa na vipande vya magazeti, picha, mikataba, programu za majumba ya maonyesho, barua, nota za mkono. Mwanzoni mwa karne hii akavitoa kwa kituo cha utafiti wa ala za ndimi huru katika Chuo Kikuu cha Jiji la New York. Huko vikaonekana na watafiti, akiwamo Henry Doktorski, naye ni mpiga kodiani, aliyeandika juu ya ndugu hao wawili na kuzihariri tungo zote za Guido katika kitabu kilichochapishwa na Mel Bay mwaka 2008. Kampuni ya Archeophone nayo ikazikusanya sahani zake za zamani na kuzitoa upya.

Tunaomba msomaji atazame namna kazi hii ilivyofanyika, maana ndiyo fani yetu. Hakuna aliyemkanusha Pietro kwa hoja tupu au kwa mapenzi ya baba. Programu ya ukumbi ina tarehe. Tangazo la gazeti la San Francisco la 1910 lina tarehe. Lebo ya Columbia ina nambari, na nambari ina siku ya kurekodiwa katika daftari la kampuni. Ukivipanga mezani vinajisemea vyenyewe: Guido yupo majumba makubwa kwanza, Pietro anafuata baada yake. Kikaratasi ambacho mke angelikitupa wakati wa kuhama nyumba kikawa na uzito kuliko vitabu vilivyochapishwa kwa maelfu.

Sasa tuitazame kodiani yetu. Iliingia Unguja na Mombasa pale taarabu ilipoanza kuzifuata okestra kubwa za Misri, ikapanuka kutoka kundi dogo la zama za Siti kuwa safu za fidla, kanuni, dafu, dumbaki na besi. Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa 1905, na Culture, kilichozaliwa 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, vyote viliipa kodiani kiti. Wapigaji wake walikuwa makarani, mafundi, walimu wa skuli, mabaharia. Sahani na kanda za wakati ule aghalabu zina jina la mwimbaji, mara nyengine la kilabu, na mara chache la mtunzi. Aliyekaa na kodiani hatajwi. Yumo pichani, mstari wa pili, amevaa koti jeupe, na uso wake umekatwa nusu na mvukuto.

Baadhi ya watu hawa walitoka nchini mwaka 1964 na miaka iliyofuata. Waliotoka vile hawakuondoka na makasha. Wengine waliondoka na nguo walizozivaa. Lakini Maskati, Dubai na katika miji ya Uingereza walikutana tena, wakapiga harusini na katika sikukuu, na mtu mmoja ukumbini alikuwa daima na kinasa sauti mezani. Katika nyumba tulizozizuru kwa kazi ya jarida hili tumeona kanda hizo zimepangwa ndani ya makopo ya biskuti, nyengine bila ya maandishi, na tumeona picha ambazo wazee wawili waliotutajia majina ya watu waliomo hawakukubaliana juu ya nani ni nani. Mzee mmoja alishikilia kwamba mwenye kodiani ni shemeji yake, mwengine akasema, "La, huyo ni Mngazija aliyekuwa akifanya kazi bandarini." Mwana wa shemeji bado yuko hai na ana picha nyengine ya harusi ileile. Tutazilinganisha.

Kwa hivyo wenye kanda na picha wasingoje mpaka wapate wasaa wa kuzipanga. Jina la kila anayejulikana liandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya mbele. Kanda isichezwe mara nyingi kabla ya kunakiliwa, na kasha lake lisitupwe hata likiwa limevunjika, kwani mara nyengine tarehe imeandikwa kwenye kasha na si kwenye kanda. Karatasi za harusi, risiti za ukumbi na barua zinazotaja nani alipiga usiku ule ziwekwe pamoja na kanda ya usiku ule. Na palipo na kodiani yenyewe juu ya kabati, tunaomba isisafishwe ndani na fundi yeyote mpaka ipigwe picha na ndimi zake zisikilizwe: yupo aliyetuambia kuwa ya marehemu baba yake ilikuwa imekwanguliwa kwa ajili ya bayati, na kama ni kweli, tunataka kujua mkono wa nani uliofanya kazi hiyo, na ulifanyiwa wapi.